Mchanga wa fundi, mawe ya rangi au mfuko wa Kijapani? Nilichotandika kwenye tangi langu la samaki na mimea hapa Mwanza

Nianze na hukumu, ili mwenye bando dogo aondoke na jibu lake mapema. Kama uko Mwanza, una tangi jipya la kioo na unataka mimea halisi pamoja na samaki wa aina mchanganyiko wanaokaa kwa amani, tandika mchanga wa mtoni wa chembe nene, uliochekechwa na kuoshwa, halafu lisha mizizi kwa vidonge vya kufukia. Mfuko wa udongo maalumu kutoka Japani ni mzuri kweli, ila kwa maji yetu unalipia kazi mbili wakati unahitaji moja. Mawe ya rangi waachie wenye maua ya plastiki.

Sasa maelezo.

Nina saluni ya kike Nyakato, na tangi liko mapokezi, mkabala na benchi la kusubiria. Urefu wake sentimita 60, upana 30, kimo 36, kwa hiyo likijaa ni lita 60 na ushee. Nyumbani kuna jingine dogo, na hilo ndilo ninalolionea, kila kitu kinapitia huko kwanza. Katika mji ambao mtu akisikia samaki anawaza sato wa kukaanga, kufuga samaki usiyemla ni jambo la kujieleza kila siku. "Dada, hawa wanafika kilo lini?" Wengine wanashangaa zaidi kwamba nimetoa hela kununua majani ya kupanda ndani ya maji wakati ziwani watu wanahangaika kuyaondoa magugu. Nimezoea. Ila kuna swali moja linaloulizwa na wale wanaotaka kuanza na wao: chini pale umeweka nini, na umekitoa wapi? Ndilo linalonifanya niandike.

Watu wengi hununua kioo, pampu, taa na samaki, halafu cha kutandika chini wanakiokota njiani wakirudi. Ni kinyume. Pampu ikikusumbua unaibadilisha kwa dakika kumi. Tandiko ukitaka kulibadilisha lazima utoe samaki, ung'oe mimea, umwage maji, na bakteria wote waliokuwa wanakusafishia tangi waende na taka. Kwa hiyo fikiria hili kwanza, na fikiria kwa kuangalia mimea unayotaka, kwa sababu mimea haili kwa namna moja. Valisineria, kriptokorine na ekinodorasi ya majani mapana hula sana kwa mizizi. Seratofilamu haina mizizi kabisa, inaelea na kufyonza chakula kwenye maji, wewe tandika hata sahani. Anubiasi ndiyo inayowachanganya watu: shina lake nene linalolala ukilifukia linaoza. Yangu nimeifunga juu ya jiwe kwa uzi mweusi wa kushonea wigi, na imeshika yenyewe. Kama utapanda anubiasi na seratofilamu tu, acha kusoma, mchanga wowote safi unakutosha na hela ya vidonge kanywe soda.

Nianze na mawe ya rangi, maana ndiyo utakayouziwa kwanza. Duka nililoyanunua, upande wa Makoroboi, silitaji jina kwa kuwa mimea yao na samaki wao ni wazuri na bado ninanunua kwao. Mawe yanakuja kwenye vifuko vya kilo: bluu, waridi, kijani, na meupe. Ya bluu niliyatia kwenye ndoo ya maji usiku, asubuhi maji yakawa na rangi. Hayo hayakufika hata kwenye tangi la nyumbani. Shida yao kubwa lakini si rangi, ni ukubwa. Kila kijiwe kina karibu milimita nane, na katikati ya vijiwe vya namna hiyo chakula kinachodondoka kinazama hadi chini kabisa ambako samaki hafiki, kinaoza hukohuko. Mimea nayo haishiki. Unaipanda, unaondoa mkono, inapanda juu yenyewe kama boya.

Meupe yana tatizo jingine. Kijana wa dukani aliniambia, "Haya ya baharini dada, ndiyo mazuri, samaki wanayapenda." Nikachukua kifuko, nikaja nacho saluni, nikaweka vijiwe vichache kwenye kile kibakuli cheupe cha kuchanganyia rangi ya nywele, nikadondoshea siki ya kupikia. Weka sikio karibu. Yalikuwa yanalia kwa sauti ndogo, na kuzunguka kila kijiwe mapovu madogo yanapanda mfululizo, mpaka juu ya siki pakawa na utando wa povu. Hiyo ni chokaa, yaani vipande vya makombe na matumbawe. Ndani ya tangi inayeyuka taratibu, inapandisha ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka ndani yake, na kuyafanya yawe na alkali zaidi. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, ambako maji ni magumu na pH yake (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) inakaribia 9, ni sawa kabisa, wengine huyaweka kwa makusudi. Kwa neoni na koridorasi wa Amerika Kusini, waliozoea maji laini, unawatesa. Nilimrudishia kijana habari akacheka, akasema wateja wa meupe ni wengi na hakuna aliyewahi kuyapa siki. Nyota moja, na hiyo ni ya kicheko.

Jaribio hilo la siki lifanyie chochote utakachookota, hata mchanga. Siki ya jikoni ni dhaifu, kwa hiyo usitegemee kishindo. Mwaga kidogo, subiri, angalia kwa karibu ukiwa na tochi ya simu. Bila mapovu, endelea.

Kitu cha pili kinachokuja akilini kwa mtu wa Mwanza ni mawe yetu wenyewe. Mji huu umekaa juu ya miamba, vilimani kina mama na watoto wao wanapasua kokoto tangu asubuhi, na chenga zinazobaki unaweza kuzipata karibu bure. Kikemia hazina ubaya wowote. Ni graniti, ileile ya Jiwe la Bismarck pale mbele ya bandari, na graniti ni kwazi, feldispa na maika, haina chokaa ya kuyeyuka. Siki haikusema kitu. Ila chukua chenga mbichi uzikamate kiganjani ufinye. Zinachoma. Kila kipande kimevunjwa kwa nyundo, hakijazungushwa na maji, kina kona za kisu. Koridorasi anakula kwa kuchimba chini na sharubu zake, siku nzima, na kwenye kona za namna ile sharubu zinalika. Kama unafuga gapi tu wanaokaa juu na katikati, chenga zinafaa na zinapendeza, zina vimulimuli vya maika chini ya taa. Nyota tatu. Mimi vipande vikubwa nimevipanga nyuma kama mlima mdogo, na wateja wangu huona mara moja kwamba ni Mwanza ile.

Na mchanga wa ziwani? Nauliza mwenyewe kabla hamjaniuliza, maana ziwa liko palepale na mchanga wa ufukweni unaonekana wa bure. Usichukue. Kwanza kuna sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa, na uchimbaji mchanga ufukweni ni miongoni mwa mambo yanayoliharibu. Pili, kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hivyo wanaishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale ambapo ungesimama na ndoo yako miguu peku. Kimelea kinapenya kwenye ngozi, hakihitaji kidonda wala wewe kunywa maji. Eti urembo wa saluni unipeleke kumeza dawa za kichocho, hapana. Majani nayo ni hivyohivyo. Ndiyo, valisineria na seratofilamu zinaota humo ziwani zenyewe, lakini ukizing'oa unakuja nazo na mayai ya konokono. Shina la dukani bei yake haifiki ya chipsi kavu.

Sasa mchanga wangu.

Unapatikana kwa wauza vifaa vya ujenzi kando ya barabara, upande wa Buzuruga kwenda Igoma, ambako malori humwaga mafungu ya mchanga, kokoto na kifusi. Mzee ninayenunua kwake hauzi chini ya toroli, lakini nilipomwamkia na kumweleza kwamba nataka ndoo moja tu ya lita ishirini, tena ya mchanga mnene, tena usiwe na vumbi, alinitazama kwa muda. "Unajenga nini, mwanangu?" Nikamwambia nyumba ya samaki. Akaita kijana wake alete chekeche mbili. Alijua mara moja ninachotaka: ile ya matundu makubwa kuondoa vijiwe, ile ya wavu mwembamba kuondoa unga, na kinachobaki katikati ndicho changu. Chembe za milimita moja hadi tatu, za mviringo kwa kuwa zimesukumwa na maji ya mto, rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo. Alinitoza 3,000 na hakutaka kupunguza, akasema kazi ya chekeche hailipiwi na bei ya mchanga. Haki yake.

Hiyo saizi si urembo. Mchanga wa plasta, ule laini kabisa, ukiuweka kwa kina hujibana, maji hayapiti, hewa haipiti, na baada ya muda unaona mabaka meusi kwenye kioo kwa chini. Ukiuchokoa, harufu ya yai viza inatoka, na gesi hiyo ni sumu kwa samaki. Mnene kupita kiasi nao unarudi kwenye tatizo la mawe ya rangi. Moja hadi tatu, hapo mizizi inapenya, maji yanapumua na uchafu unabaki juu ambako mpira wa kunyonyea unaufikia.

Hesabu ya kiasi ni rahisi. Urefu mara upana mara kina, kwa sentimita, gawa kwa elfu moja, unapata lita. Mimi nimetandika sentimita nne mbele na saba nyuma, wastani tano na nusu, kwa hiyo 60 mara 30 mara 5.5 ni lita kumi hivi. Mchanga mkavu lita moja ina kama kilo moja na nusu au zaidi kidogo, basi jumla ni kilo kumi na tano, kumi na sita. Angalia na meza yako, maana maji peke yake ni kilo hamsini juu ya hapo. Mteremko wa kutoka nyuma kuja mbele una faida mbili: mimea mirefu yenye mizizi mingi inapata kina huko nyuma, na uchafu unateremkia mbele unakouona.

Kuosha ndiyo kazi. Maji ya kwanza yanatoka mazito, unamwaga, unakoroga kwa mkono hadi chini, unamwaga, unaendelea mpaka ukitia mkono kwenye ndoo unaziona kucha zako. Usiharakishe hapa, vumbi utakaloliacha kwenye ndoo utalikuta kwenye kioo. Mwisho niliumwagia maji yanayochemka, nikauanika juani kwenye turubai. Maji ya bomba yana klorini, na kwa mchanga mpya hilo halina neno. Ila ukishaanza kuishi na tangi, kitu chochote chenye bakteria, hasa sponji ya chujio, kioshee maji uliyotoa ndani ya tangi, si ya bomba.

Mchanga wenyewe hauna chakula. Hapo ndipo watu wa mfuko wa Kijapani wanaponicheka, na wana hoja. Jibu ni kufukia chakula chini ya mizizi. Vidonge vya dukani naagizia Dar es Salaam vinakuja kwa basi, kimoja chini ya kila ekinodorasi na kriptokorine, narudia baada ya miezi michache nikiona majani mapya yanatoka ya njano. Katikati ya hapo natumia gololi za udongo mwekundu wa mfinyanzi, ule wa vyungu, nilizozikausha juani na kuzisukuma kwa kidole hadi chini kabisa. Udongo wa mfinyanzi una madini ya chuma na unashika virutubisho visielee, mizizi inaufuata yenyewe. Usiziguse zikiwa zimeshafukiwa, maana ukizing'oa maji yanachafuka yote. Na tafadhali, mtu asikushauri uweke urea au DAP kutoka duka la pembejeo. Zinaachia amonia ndani ya maji, na amonia ndiyo inayoua samaki wa tangi jipya kuliko kitu kingine chochote.

Nafika kwenye mfuko wenyewe. Ni vidonge vidogo vya udongo uliochomwa kidogo, vyeusi, vya kampuni ya ADA, ile aliyoianzisha Takashi Amano, Mjapani mpiga picha aliyefariki mwaka 2015 na ambaye tangi zake ndizo zilizofanya dunia nzima ianze kupanda bustani ndani ya kioo. Sisemi vibaya. Katika tangi la nyumbani kriptokorine iliota humo kuliko mahali pengine popote nilipoipanda, mizizi inashika siku chache tu, na weusi wake unafanya neoni wang'ae. Kama kipimo ni mimea peke yake, nyota tano, mjadala umekwisha.

Lakini bei yake pamoja na nauli kutoka Dar inakaribia ya tangi lenyewe na taa yake. Na wiki za mwanzo unaachia amonia nyingi, kwa hiyo unabadilisha maji mara kwa mara na hutii samaki hata mmoja. Kwa tangi la saluni, ambapo wateja wanauliza kila siku samaki wako wapi, ni mtihani. Kisha vidonge vinalainika kadiri muda unavyokwenda, ukivichokoa vinakuwa tope.

Sababu yangu kubwa hata hivyo ni maji. Kazi ya pili ya udongo ule, mbali na kulisha, ni kufyonza ugumu wa maji na kushusha pH. Mtu wa Dar anayetumia maji ya kisima, magumu na yenye chumvi, hapo anapata thamani ya hela yake. Sisi maji yetu ya bomba yanatoka Ziwa Victoria, na ziwa hili ni laini kwa asili, mbali sana na Tanganyika. Unalipa kulainisha kilicho laini. Mbaya zaidi, gapi na molle wanapenda maji yenye ugumu kidogo, kwa hiyo kwenye tangi la mchanganyiko unawapunguzia hata kile kidogo walichokuwa nacho. Kwa Mwanza, kwa samaki mchanganyiko, naupa tatu na nusu. Mwenye tangi la mimea na uduvi wadogo tu asinisikilize, anunue.

Mchanga nao una kasoro zake. Kila kinyesi kinaonekana, hakuna pa kujificha, kwa hiyo mpira wa kunyonyea unafanya kazi kila wiki. Koridorasi wanachimba, na mmea mpya usiopandwa kwa kina utaukuta unaelea asubuhi. Na chagua rangi ya kahawia. Mzee alikuwa na fungu jingine la mchanga mweupe wa kuvutia, nikaujaribu nyumbani, neoni wakapauka, mstari mwekundu ukawa wa waridi. Samaki hujifananisha na sakafu, na juu ya weupe chini ya taa kali hawajisikii salama.

Haya, na hata ukitandika dhahabu, tangi jipya ni jipya. Mchanga uliochemshwa hauna bakteria wa kugeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, wanachukua wiki nne hadi sita kujijenga. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka chujio la mtu mwenye tangi linaloishi, unafupisha sana. Wa karibu na Nyakato aje, nitamkatia. Akija anikute nimefunika tangi kwa kioo, asishangae, spirei ya nywele na samaki havikai chumba kimoja bila kifuniko.

Kwa sasa valisineria imeshatuma watoto chini ya mchanga kutoka kona ya kushoto hadi katikati, na ekinodorasi imeanza kupiga majani ya nje ya maji. Nyota nne na nusu kwa mchanga wa mzee, nusu nimeikata kwa sababu ya mgongo wangu siku ile ya kuosha. Ukienda kununua, beba ndoo yako na turubai, mwambie unataka wa chekeche mbili, na Jumamosi usihangaike, mzee ni Msabato.